Matembele ya Ghorofa ya Tisa

Naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mwingine, maana najua hapa Ladywood, mtaa wetu wa Birmingham, imeshasimuliwa kwa Kiswahili cha kila namna, cha Kongo, cha Mombasa na cha kwetu Tanga, na kila ikipita mdomo mmoja mimi nazidi kuwa mjinga (katika moja niliyoisikia juzi eti nililia, sikulia, ni vitunguu vilikuwa vinakaangwa karibu). Nina miaka hamsini na miwili, naendesha basi, nina ndevu, nina binti chuo kikuu, na msimu wa baridi uliopita nilimpokonya bibi kizee jani la mmea mkononi mwake, mbele ya kina mama ishirini, ndani ya ukumbi wa kanisa. Chekeni kabisa halafu niendelee.

Mke wangu Salma alikwenda Tanga mwezi wa kumi kumuuguza mama yake, binti yetu Rukia anasoma mji mwingine, nikabaki peke yangu ghorofa ya tisa, na baridi ya Birmingham mnaijua, unakwenda kazini giza, unarudi giza, jua ukibahatika kuliona unatamani kuliuliza lilikuwa wapi. Sasa siku moja nimeingia dukani kununua balbu nikaona pakiti ya mbegu yenye picha ya ua la bluu, lile la umbo la tarumbeta linalotambaa kwenye nyua za kwetu, linafunguka alfajiri na ikifika mchana limeshajikunja. Waingereza hulipanda nje wakati wa joto. Mimi nikasema nitalipanda ndani wakati wa baridi, tuone nani mbishi. Nikazikwangua mbegu kwa tupa ya kucha ya Salma ili maji yaingie, nikaziloweka, nikazipanda kwenye ndoo mbili nilizozitoboa chini, nikaagiza taa ya zambarau ya kukuzia mimea, nikavuta kamba kutoka kwenye ndoo hadi kwenye fimbo ya pazia. Mwaka mpya ulipofika dirisha zima lilikuwa kijani, na kila asubuhi nikimpigia Salma simu ya video badala ya uso namwonyesha majani, hadi akaniuliza kama mimi mwenyewe bado nipo.

Nilikuwa na furaha, siwafichi. Lakini ilikuwa furaha ya mlango kufungwa. Kule kazini kwetu, kwenye chumba cha chai, dereva mmoja aliwahi kukutwa anafuma sweta la mjukuu wake na tulimcheka mwaka mzima, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye huyu anayewasimulia.

Basi Januari, Mama Neema akagonga mlango. Huyu ni jirani yangu wa ghorofa ya nane, mama wa Kikongo kutoka Uvira, msema kweli, mcheshi, kiongozi wa kina mama kanisani kwao. Alikuwa ameletewa mzigo wangu kwa makosa. Nilipoupokea, macho yake yakapita begani kwangu mpaka dirishani, yakaganda. Sasa nyie wapishi mnajua, majani ya ua lile yana umbo la moyo, yanatambaa, yanang'aa, ukiyatazama haraka huyatofautishi na ya viazi vitamu.

"Papa Rukia," akasema polepole, "ile iko matembele?"

Hapo ndipo. Neno moja tu lilihitajika, na lilikuwa jepesi, maua. Lakini nikamwona akilini anashuka ghorofa zote tisa akisema yule baba mwenye ndevu, mke kaondoka, kabaki anabembeleza maua kwa taa ya zambarau. Nikajikohoza kiume, nikasema, "Ndiyo. Matembele."

Mama Neema akashika kifua. Akanieleza kwamba mama yake mzazi, wanayemwita Koko, alifika kutoka Uvira mwezi wa kumi na tangu afike anakula kama ndege, chai na kipande cha mkate, kila anachopikiwa anasema hakina ladha ya udongo. Kitu pekee alichokitaja kwa jina ni matembele. Je, ningeweza kumpa fungu moja tu, dogo?

Ningesema pale pale, na aibu ingekuwa ya watu wawili. Badala yake nikamwambia bado machanga, aje Ijumaa. Ijumaa nikaenda Hockley kwenye duka linaloleta mboga kwa ndege, nikanunua fungu la matembele, nikarudi nyumbani nikaondoa mpira na karatasi yenye jina la duka, nikayaosha, nikayafunga upya kwa kamba ile ile ya maua yangu (huo ndio ufundi niliouonea fahari, kamba), nikamshushia Mama Neema ghorofa ya nane yakiwa bado yanadondosha maji kama yamechumwa sasa hivi.

Koko akala. Si kula kidogo, akala akaomba tena, halafu akalala mchana kutwa kwa shibe. Mama Neema alikuja kuniambia huku anafuta machozi, na mimi, badala ya kuona haya, nikajiona mtu mwema. Ijumaa ya pili nikaenda tena Hockley. Ya tatu pia, na ya nne. Uongo ukishatenda jema moja huwezi tena kuufukuza, unakaa sebuleni na kudai chai.

Habari zikaenea. Kina mama wakaanza kunisalimia kwenye lifti kwa jina la Papa Matembele. Nikaambiwa kwamba kanisani kwao Mama Neema alisimama akaniombea, mimi Mwislamu wa Tanga, kwamba Mungu aubariki mkono wangu ulioshinda baridi ya Uingereza. Kisha wakaniomba jambo moja. Jumamosi, saa nne asubuhi, ukumbi wa kanisa, niende na mimea yangu niwafundishe kina mama kulima matembele ndani ya nyumba. Walisema "mwalimu". Jamani, tangu nizaliwe hakuna aliyeniita mwalimu. Nikakubali.

Tatizo ni kwamba wiki ile ile maua yalikuwa yameanza. Miezi mitatu nimeyangoja, nimeyaimbia, yameanza kufunguka manne, matano kila alfajiri, bluu ya kukufanya usahau ulikokuwa unakwenda, na mimi Ijumaa jioni nikachukua mkasi nikakata kila tumba nililoliona, moja baada ya jingine, ili yasinisaliti. Nilikuwa nawanyonga watoto wangu ili nionekane nalea watoto wa mtu mwingine.

Asubuhi nikazipakia ndoo mbili kwenye kigari cha mtoto nilichoazima kwa jirani, nikazifunika blanketi zisipigwe na baridi, nikasukuma barabarani (mzungu mmoja mzee akainama kumchungulia mtoto, akainuka bila kusema kitu). Chini ya blanketi nilikuwa nimeficha pia mafungu mawili ya matembele ya Hockley, maana nilikuwa mjanja, nilijua baada ya somo watataka kupika.

Ukumbini wamejaa. Koko amekaa kiti cha mbele, mdogo, amejifunga kitenge na sweta mbili, ananitazama kama anavyotazamwa daktari. Jikoni pembeni kuna sufuria, vitunguu vinakaangwa, karanga zimeshatwangwa. Nikaanza kufundisha. Nikasema habari za taa, za kukwangua mbegu, za kamba. Mama mmoja mwembamba mwenye miwani akauliza mbegu gani, maana yeye tangu azaliwe amepanda matembele kwa kukata mashina. Nikasema hii ni mbinu mpya. Wakaandika.

Halafu mwingine akafunua majani, akakuta ua. Moja nililolisahau nyuma, limefunguka kwa joto la ukumbi, bluu tupu. Lakini Mama Neema mwenyewe akanitetea, akawaambia hata kwao viazi hutoa maua, tena mazuri. Nikaona Mungu bado ananihurumia. Sikujua ananisogeza tu karibu na shimo.

Kwa sababu hapo Mama Neema akatoa simu, akampigia Salma simu ya video, kumshukuru mbele ya wote kwa kuwa na mume wa namna ile. Uso wa Salma ukatokea, anacheka, yuko uani kwa mama yake. Akaona kina mama wamezizunguka ndoo, wameshaanza kuchuma.

"Mama Neema," Salma akasema, "mbona mnayachuma maua ya mume wangu? Ameyalea tangu Novemba."

Nikasema mtandao wa Tanga mbaya, hasikii vizuri. Salma akajibu, kwa sauti safi kama yuko meza ya pili, kwamba anasikia vizuri sana. Nikachomoa mafungu yangu ya Hockley kwenye blanketi nikasema basi tupike haya, nimeshayachuma, hayo ya kwenye ndoo bado hayajakomaa. Mama Neema akasema hapana, wanataka ya kwenye mmea, mabichi, ndiyo maana ya somo. Nikasema nimeyapulizia dawa. Mama mwenye miwani akauliza dawa gani. Ishirini wote wananitazama, na kwenye pakiti ile ya mbegu, ambayo niliisoma mara mia, kulikuwa na mstari mmoja mwekundu, mmea huu ni sumu ukiliwa.

Na hapo katikati ya ubishi nikaona Koko, ambaye hakuna aliyekuwa anamwangalia, amechuma jani moja bora, amelipangusa kwenye kitenge, analipeleka mdomoni.

Sikumbuki kuruka. Nakumbuka tu kwamba nililiparamia lile jani, nikampokonya kwa nguvu, kiti kikayumba, kilemba cha Koko kikanibakia mkononi, na ukumbi mzima ukaona mwanamume mkubwa anamnyima bibi wa watu jani la mboga. Mama mmoja akanishika shati. Nikasema, "Msile. Ni maua. Ni sumu. Matembele yote niliyowapa nilinunua Hockley."

Nilisema na mengine, nadhani, lakini hayo ndiyo yaliyobaki. Kwenye simu Salma alikuwa amefunika uso kwa khanga. Jikoni vitunguu vinaungua na hakuna aliyekwenda kuvitazama.

Wa kwanza kusema alikuwa Koko, kichwa wazi, anangoja kilemba chake. Akauliza kwa utulivu, "Mwanaume ulipanda maua. Sasa aibu iko wapi?" Akaunyoosha mkono, akalichuma lile ua moja lililosalia, akalitazama mbele na nyuma, na aliporudishiwa kilemba akalichomeka pembeni ya sikio. Ndipo wakaanza kucheka. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini, mama mwenye miwani akasoma kwa sauti alichoandika kwenye daftari lake, kukwangua mbegu, taa ya zambarau, mbinu mpya, na kila mstari wakaanza upya. Nikafunika ndoo zangu, nikasukuma kigari changu kuelekea mlangoni. Hakuna aliyenifungulia.

Mama Neema peke yake hakucheka. Wiki mbili nzima tukikutana kwenye lifti alikuwa anasoma tangazo la zimamoto kana kwamba limeandikwa jana. Hatimaye nikashuka ghorofa ya nane, nikagonga, nikaomba radhi, nikasema nilifanya vile kwa ajili ya Koko. Akaniangalia hadi nikajisahihisha, nikasema nilifanya kwa ajili yangu, Koko alikuja baadaye.

"Kwa ile majani sina hasira," akasema. "Mama yangu alikula, na Hockley sasa tunaijua. Lakini mimi nilisimama mbele ya kanisa nikasema Mungu abariki mukono yako. Ile maombi sasa niiweke wapi, Papa Rukia?"

Nilisimama pale mlangoni kama abiria aliyepitilizwa kituo. Siku hizi ananisalimia, lakini salamu ya kawaida, ya jirani na jirani, na najua niliwahi kupewa salamu kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo nimeapa, na hapa sitanii, nikiulizwa ninachofanya nitakitaja kwa jina lake. Madereva wenzangu, wale niliokuwa nawaogopa kiasi cha kutaka kulisha watu sumu, habari iliwafikia mwezi wa tatu. Walicheka kwenye chumba cha chai kwa dakika tatu hivi, saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu, halafu mmoja akaomba sukari na wakarudi kwenye mambo ya mpira. Dakika tatu. Ndizo nilizozikimbia msimu mzima wa baridi.