Mrenda wa Mama Mkwe na Moyo wa Mume Wangu

Msomaji huyu ametuandikia kutoka Nairobi, na jina lake tumelificha kama alivyoomba. Someni mpaka mwisho kabla hamjamkasirikia mtu.

Nina miaka thelathini na moja na watoto watatu. Tunakaa Kambi Muru, Kibera. Mume wangu ni fundi wa mbao, mtu wa Magharibi ya Kenya kama mimi, nami nauza mitumba soko la Toi. Mimi si mtu wa kunyamaza, majirani wanajua. Lakini kwa hili nimefungwa mdomo, na nikiendelea hivi nitabaki mjane.

Mwaka jana mume wangu alianza kuchoka ovyo. Tukitoka Toi anasimama njiani kama anasalimia watu, kumbe anatafuta pumzi. Kulala chali akashindwa, akawa analala ameegemea ukuta akikohoa. Miguu ilifura hadi viatu vikakataa; ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Majirani wakaanza kunong'ona juu ya ule ugonjwa wanaoogopa kuutaja. Nilimburuta hospitali akinitukana njia nzima.

Daktari alimpima, akamtuma picha ya kifua, kisha akaniambia, "Mama, moyo wake umechoka. Hausukumi damu vile inafaa, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu." Akampa dawa za kuusaidia moyo na zingine za kumfanya akojoe hayo maji. Azimeze kila siku hata akipata nafuu, na chumvi aachane nayo. Haki ya Mungu, yule mtu alirudi kazini! Akaanza hata kunichokoza nikipika.

Halafu mama mkwe akaja kutoka nyumbani kutusaidia. Mimi nashinda sokoni, kwa hivyo jikoni ni kwake. Nilimweleza habari ya chumvi, akaishika kabisa, pakiti yenyewe akampa jirani. Lakini miguu ikafura tena. Dawa anameza nikimwona. Nikachanganyikiwa.

Siku moja mvua ilitufukuza sokoni, nikarudi mapema. Namkuta mama anapika mboga ya mrenda, na anamwaga magadi kijiko kizima. Watu wa kwetu mnajua, mrenda bila magadi haulainiki. Nikasema, "Mama, si tulisema chumvi hapana?"

Akanishangaa. "Chumvi iko wapi hapa, mwanangu? Hii ni magadi. Baba yake alikula hii mpaka akazeeka."

Kesho yake nikakimbia hospitali kuuliza. Daktari akashika kichwa. "Kwa huyu mgonjwa magadi na chumvi ni mamoja. Yote yanashika maji mwilini. Mlete haraka, na dawa asiache hata siku moja."

Nilimrudia mama kwa upole, mimi mwenye mdomo huu! Akaangua kilio. "Kwa hivyo mimi ndiye namuua mtoto wangu?" Mume wangu akatoka kitandani akihema. "Ukimliza mama yangu tena, utarudi kwenu." Hakuuliza hata kilichomliza. Hospitali akakataa. Mama naye ameamua kwamba nauonea wivu upishi wake, na nikigusa sufuria ni vita.

Sasa shemeji zangu wa Kawangware wamekaa kikao. Mdogo wao akaja kuniambia, "Shem, hizo dawa hazifanyi kitu. Brathe amerogwa. Disemba tunaenda naye nyumbani ushago kwa mganga, dawa zibaki hapa." Mama amekubali. Mgonjwa mwenyewe amekubali, maana hata kubishana hawezi, maneno mawili tu pumzi imeisha. Jamani, akienda huko bila dawa, atazikwa huko huko.

Nataka niwaite wote twende wamsikie daktari. Lakini hapo mama ataaibika mbele ya wanawe, na kwetu mke akimfanyia mama mkwe hivyo, amejifukuza mwenyewe. Na mama si mbaya! Anampenda huyu mtu kuliko mimi, nawaapia.

Ninyi mlio na mama wakwe, nipeni maneno ya kusema mama asivunjike. Kama maneno hayo hayapo, basi mniambie niseme tu vile ilivyo. Mume wangu anifukuze, mradi awe hai wa kunifukuza.