Majani Niliyoyafagia Uani Bellevue

Mvua zinapokatika na asubuhi za Johannesburg zinapoanza kuuma vidole, watu huniuliza habari za bustani. Wengi hunikuta mlangoni mwa msikiti nikitafuta viatu vyangu. Wamepanga vyumba vyenye kipande cha uwanja nyuma, wametoka Tanga au Dar es Salaam kama mimi, na baridi ya huku imewaua bamia na mchicha mpaka wamekata tamaa.

Huwajibu kwa furaha. Pandeni vitunguu saumu sasa, punje moja moja, ncha ikitazama juu. Pandeni spinachi na kabichi, haziogopi baridi. Mwagilieni asubuhi jua likishapanda, msimwagilie magharibi, kwa sababu maji yanayolala juu ya jani huganda na kuliunguza kama moto. Mti wa matunda ukibaki mtupu msidhani umekufa, umelala tu, na msiukate matawi mpaka baridi iwe inaaga. Na majani yanayopukutika msiyafagie kwenye matuta. Yaacheni yafunike udongo, ndiyo blanketi la mizizi.

Hilo la mwisho hulisema haraka kuliko mengine, kisha nageuza maneno. Mwaka huu nimeona niandike nililijuaje, maana kuwafundisha watu jambo na kuwaficha nililipataje ni namna ya uongo.

Nyumba tunayokaa hapa Bellevue ni ya zamani, imegawanywa vyumba. Mimi na mke wangu tunakaa viwili vya nyuma. Chumba cha kando, kinachotazamana na bomba la uani, anakaa mama mmoja wa Bukavu, Kongo, mjane, mtu wa kanisa, anayeshona nguo. Tumekaa naye miaka mingi. Yeye huniita Papa, yaani baba, nami humwita mama ingawa ni mdogo kwangu. Uwanja ni wetu sote. Upande wa ukuta yeye alikuwa na mashina matatu ya muhogo.

Mtu asiyeishi huku hawezi kujua muhogo katika Johannesburg ni kitu gani. Jalidi, ule umande unaoganda ukawa mweupe kama chumvi, ukiupiga usiku mmoja tu, kesho yake majani yamekuwa meusi. Lakini mama huyu alikuwa na mbinu yake. Kabla ya baridi alikata mashina karibu na ardhi, akafunika visiki kwa majani makavu mpaka magotini, juu akaweka maboksi yaliyofunuliwa. Vile vijiti alivyokata alivifunga pamoja, akavilaza ndani ya lile lundo, ili kama visiki vitakufa awe na mbegu. Mwezi wa tisa alifunua, na visiki vilikuwa vikichipua. Tulikula kisamvu chake, yeye anakiita sombe, miaka mitatu. Mbegu ile ilitoka shambani kwa mama yake mzazi. Aliileta mwenyewe ndani ya sanduku, imefungwa kwa kitenge.

Mimi nami nina tabia yangu. Nimelelewa kwamba uwanja ulio safi ni uwanja mtupu, udongo unaonyesha mistari ya fagio. Kwetu Tanga mwanamke huamka akafagia uwanja kabla ya kuwasha moto, na mgeni akifika akakuta majani anajua ndani kuna mgonjwa au kuna uvivu. Nilikuja huku na fagio la chelewa za mnazi, na likichakaa huagiza jingine. Mti mkubwa wa jirani humwaga majani uani kwetu kuanzia mwezi wa nne, nami huyafagia asubuhi na alasiri.

“Papa, weye unachekesha,” yule mama aliniambia siku moja. “Mti uko unatupa, weye uko unafagia. Nani atachoka mbele?”

“Mti,” nikamwambia.

“Mwache, mama,” mke wangu akadakia kutoka jikoni. “Huyu akifa tutamzika na fagio lake. Malaika wakimuuliza maswali, atawaambia ngojeni kwanza, hapa pachafu.”

Tukacheka wote.

Mwaka jana, mwezi wa tano, alikuwa amekwisha kufunika muhogo wake ndipo ikaja simu kwamba mama yake amefariki. Karatasi zake za kusafiria zilikuwa na kasoro. Akahangaika siku nne katika ofisi, na alipofika kwao walikuwa wamekwisha kuzika. Asubuhi aliyoondoka alinipa ufunguo wa chumba chake. Macho yalikuwa yamemvimba.

“Papa, unichungie,” alisema.

Nilipokea ule ufunguo kwa mikono miwili. Mwalimu wangu wa chuoni, nilipokuwa mtoto, alitufundisha kwamba amana haina ukubwa wala udogo. Nililijua hilo.

Alipotupigia simu kwamba anarudi Jumamosi, tukajua watu wangekuja kumpa pole: wenzake wa kanisani, Wakongo wa mtaani, na sisi. Uwanja ndio ungekuwa sebule. Nikasema nafsini mwangu, mfiwa hawezi kukuta uwanja umejaa takataka. Ijumaa baada ya swala nikalichukua fagio.

Nilifagia mpaka ukutani. Niliondoa maboksi, nikayakunja. Nikayavuta majani yote, vikabaki visiki vitatu vimekaa wazi. Ndani ya lundo nikakuta lile fungu la vijiti limefungwa kwa kitambaa. Hapa ndipo pananichoma. Si kwamba sikuvijua. Mtu wa Tanga asiyejua kijiti cha muhogo hajazaliwa. Nilivijua nilipoviona. Lakini kwetu vijiti vya muhogo havina thamani, vimejaa kila ukingo wa shamba, ukivihitaji unamwomba jirani na jirani anacheka kwamba umeomba. Mkono wangu ulifanya ulichozoea kufanya. Niliviweka pembeni na kuni, na Jumamosi viliingia chini ya sufuria ya wali wa wageni. Vilitoa moshi mwingi.

Alirudi, akaukuta uwanja umepigwa mistari kama mkeka mpya. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akanishukuru. Alikuwa amechoka na amelia, hata upande wa ukuta hakutazama. Akakaa, akala ule wali.

Jalidi la kwanza likaanguka wiki ile ile.

Nilipoamka nikaliona limelala juu ya vile visiki, ndipo nilipoelewa. Nilirudisha majani mapya juu yake, nikarudisha na maboksi, kama mtu anayemfunika maiti shuka ili apate joto. Mke wangu aliniona.

“Umemwambia?”

“Huenda vikapona. Tungoje tuone.”

Tukangoja. Mwezi wa tisa yule mama akafunua. Visiki vilikuwa laini, ukivibonyeza vinatoa maji. Akatafuta vile vijiti, akageuza majani yote kwa mikono. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake, nimeshika ndoo.

“Mama amechukua vyake,” alisema.

“Mama gani?”

“Mama yangu. Alikuwa ananingoja, miye nikachelewa. Walimuzika bila miye. Sasa amekasirika, amechukua mbegu yake yote, hata ile ya akiba.”

Mdomo wangu ulikuwa wazi na neno lilikuwa tayari. Likatoka jingine.

“Ni mipango ya Mungu, mama,” nikasema. “Na baridi ya mwaka huu ilikuwa kali.”

Nimesali tangu nina miaka saba. Nimesomesha watoto wa watu. Lakini siku ile nilimchukua Mola wangu nikamsimamisha mbele yangu ili nijifiche nyuma yake. Kosa la fagio lilikuwa la ujinga na mazoea. Hili la pili nililifanya kwa elimu.

Watu hunisifu kwa subira. Nami miezi ile nilijiambia kwamba nangoja wakati mzuri, nangoja huzuni yake ipoe, nangoja Ramadhani iingie. Mke wangu akanikata.

“Subira ni ya mtu aliyedhulumiwa,” alisema. “Wewe ndiye uliyedhulumu. Unasubiri nini?”

Chuoni tulifundishwa kwamba dhambi iliyo baina yako na Mungu, machozi yako yanatosha. Haki ya mja hairudi mpaka umwendee mja mwenyewe. Na mimi nilikuwa nikimwendea Mungu kila siku kuhusu jambo ambalo mwenyewe alikaa mlango wa pili.

Idi ilipofika mwaka huu tulimpelekea sahani ya pilau. Nikasema kama tunavyosema sote siku hiyo: kama kuna nililokukosea, nisamehe.

“Papa, weye haukosei mutu,” akajibu, akicheka.

Mke wangu akanitazama. Nikatazama sahani.

Wiki tatu baadaye majani yalikuwa yameanza kuanguka tena. Nilikuwa nafagia njia tu, sehemu ya matuta siigusi siku hizi. Yeye alikuwa bombani anafua. Akaniambia, bila kuulizwa, kwamba dada yake mkubwa wa Bukavu amempata mtu anayekuja huku na yuko tayari kumpa huyo alete vijiti vipya kutoka shamba lile lile.

“Alhamdulillahi,” nikasema. “Vitafika lini?”

“Nimekatala. Mama hataki nipande. Kitu mama amechukua, hauwezi kumunyanganya.”

Nikaweka fagio chini. Nikakalia ndoo iliyopinduliwa.

“Mama, mzazi wako hakuchukua kitu.”

“Unasema nini, Papa?”

“Yale majani niliyaondoa mimi. Kabla hujarudi kutoka msibani. Nilifagia ili wageni wakae. Visiki vikabaki wazi, jalidi likavipiga. Na vijiti vya akiba nilivikuta, nikaviweka na kuni. Ndivyo vilivyopikia wali tuliokula siku ile.”

Alibaki ameshika nguo, maji yanamchuruzika mpaka kwenye viwiko.

“Ulijua ni vijiti vya muhogo?”

“Nilijua.”

“Na siku nilikuwa nachimbua, ulikuwa umesimama pale.”

“Nilikuwa nimesimama.”

“Ukaniambia ni Mungu.”

“Nikakuambia ni Mungu.”

Nilingoja anitukane. Ingenifaa. Akafunga bomba, akajifuta mikono kwenye kitenge polepole, kidole kwa kidole.

“Miezi saba,” alisema. “Miezi saba, Papa, nimeomba mama yangu musamaha. Kanisani, kitandani, hata kwenye cherehani. Na mama hana kitu na miye.”

Akaingia ndani. Nikadhani ndiyo basi. Akatoka na simu, tayari inaita, akanishikisha.

“Ni dada yangu. Yeye pia nilimwambia mama amekasirika, na yeye pia analia. Mwambie vile umeniambia.”

Uso wa mwanamke mtu mzima ukatokea, amejitanda, nyuma yake kuna ukuta wa mbao. Nikasalimia. Nikaanza. Mtandao ukakatika.

“Sikusikia! Ni nani amefanya nini?”

“Nilifagia majani!”

“Manini?”

“Majani! Yaliyofunika muhogo wa mdogo wako! Mimi ndiye niliyeuua muhogo!”

Ikanibidi nisimame na kupaza sauti kama ninayeadhini. Madirisha mawili ya juu yakafunguka. Mke wangu akatoka jikoni akasimama mlangoni, mikono kifuani, wala hakuja kunisaidia. Kila nilipofika kwenye vijiti, sauti ilikatika, na ilinibidi nianze tena mwanzo.

“Ulivichoma?”

“Nilivichoma!”

“Vyote?”

“Vyote, dada. Kisha nikanyamaza!”

Picha ikaganda. Ilipofunguka tena, yule dada alikuwa ameisogelea simu mpaka nikaona macho tu.

“Basi, muzee,” akauliza, na sauti ilikuwa ndogo, “mama hakukasirika?”

“Hakukasirika. Ni mimi.”

Aliita jina la utotoni la mdogo wake, na huyu akaichukua simu mkononi mwangu, wakaanza kusemezana kwa lugha ya kwao ambayo siijui. Walikuwa wakilia, kisha mmoja akacheka, kisha wakalia tena. Nilidhani sasa naweza kuondoka. Nikageuka. Bila kuitoa simu usoni, yule mama akaninyooshea kidole nisimame pale pale.

“Sijamaliza na weye,” akasema.

Nikasimama. Jua lilikuwa limefika nusu ya uwanja, na adhana ya adhuhuri ya kunipa udhuru ilikuwa bado mbali.