Tangi Jekundu la Ngabo

Ambrose alikuwa na ugonjwa wa pikipiki tangu utotoni, na ugonjwa huo hauna dawa. Kwao Bukoba padri wa parokia alikuwa na moja ndefu, ya kupanda milima, matairi yake yana meno, na kila alipopita nayo, Ambrose mdogo alibaki barabarani akila vumbi kwa furaha. Sasa ni mtu mzima. Anapanga mizigo katika ofisi moja ya malori hapa Kigali, ana mke na nyumba ya kupanga Batsinda, lakini pikipiki ya namna ile ikipita, shingo yake hugeuka yenyewe, mpaka Flaviana, mkewe, humfinya.

Kwa hiyo siku aliyopeleka suruali ikapunguzwe kule Kimisagara, hata hakumsalimia fundi wa nguo vizuri. Macho yalikuwa nyuma ya banda la kuku. Huko kulikuwa na kitu kimefunikwa turubai, gurudumu la mbele limetokeza, na jogoo amesimama juu yake.

Fundi mwenyewe alikuwa mjane, jina lake Mukabalisa, mzaliwa wa Karagwe aliyerudi Rwanda ukubwani, na Kiswahili chake kilinyooka. Pikipiki ilikuwa ya Ngabo, mwanawe wa pekee, aliyechukuliwa na ugonjwa wa figo. Enzi zake kijana huyo alikuwa akipanda nayo mlima Jali, na jioni anarudi udongo mpaka masikioni. Akifika getini hakuizima. Aliiacha ingurume makusudi, mpaka mama yake apaze sauti kutoka kwenye cherehani: "Zima, mwanangu. Umeshafika."

"Wengi wameitaka," Mukabalisa alimwambia Ambrose. "Wanataka kuichinja wauze vipuri. Wewe je?"

"Mimi nataka itembee, mama."

Mama alimkazia macho. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba presha ya macho inamla polepole, na kinachokwenda hakirudi. Bei haikuwasumbua. Walikubaliana wamesimama pale pale, kuku wakiwazunguka miguuni.

"Lakini kuna jambo," mama akasema. "Mtu akikupa ng'ombe, ndama jike wa kwanza unamrudishia. Huyu wangu hazai. Basi siku atakayowaka, siku hiyo hiyo umlete hapa, nimwone na nimsikie kabla giza halijanifika. Ndama wangu ni huyo."

"Hata kwetu ng'ombe wa kupewa tunamjua, mama. Nitaileta."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, na ndicho kinachomuuma hadi leo. Afadhali angekuwa amedanganya.

Gereji ya Ilyasi iko bondeni, chini tu ya nyumba ya mama huyo. Jumamosi baada ya Jumamosi Ambrose alikwenda kuinama pale na kaptula iliyochakaa. Kabureta ilikuwa imejaa udongo wa nyigu. Cheni ilikuwa imeshikana kwa kutu, mpaka wakailoweka kwenye oili chafu. Walisugua, walifungua, walifunga, plagi ikabadilishwa, na siku moja Ambrose akapiga kiki mpaka shati likamganda mgongoni. Mara pikipiki ikaamka. Ekzosi ya kutolea moshi ilikuwa na tundu, kwa hiyo ilikohoa mara mbili, kisha ikatulia katika mngurumo mzito wenye mluzi kwa ndani.

Ilyasi alifuta mikono kwenye kitambaa. Watu wa Kigali pikipiki huiita moto, naye ni mtu wa Kigali. "Boss, mama iko hapo juu tu. Tumupelekee."

"Hivi hivi? Siti imechanika, rangi imebabuka?"

"Mama anataka moto yake. Haiko harusi."

Hapo ndipo Ambrose alipoharibu. Yeye ni Mhaya, na Mhaya haendi ugenini ovyo ovyo. Kiatu hung'arishwa hata kama njia yote ni tope. Kwake, kumpelekea mtu mzima kitu chakavu ilikuwa sawa na kumtukana. Aliamini anamheshimu mama wa watu. Akasema wiki ijayo, na wiki ijayo ikazaa wiki ijayo.

Tangi lilikuwa jekundu, limepakwa kwa brashi na Ngabo mwenyewe, michirizi imegandia chini. Ambrose alilikwangua lote akalipuliza rangi nyeusi ya kung'aa. Siti ya zamani, yenye viraka vya kitambaa kigumu, aliing'oa akaipa gari la taka. Ekzosi nayo akabadilisha, maana polisi wa hapa hawana mzaha na kelele. Pikipiki ikawa haisikiki zaidi ya feni. Majirani wa Batsinda walitoka kuitazama, naye akavimba kichwa.

"Yule mama umempelekea?" Flaviana aliuliza.

"Bado kioo cha pembeni."

Kioo kikapatikana, akasema bado taa. Taa ikapatikana, hakikubaki cha kufunga. Ukweli ni kwamba alikuwa anaona haya kwa kuchelewa, na kila alipoona haya alichelewa zaidi. Akaanza kukwepa Kimisagara, anazunguka mbali kama aliyeiba. Kanisani padri akitaja dhambi za wajibu usiotimizwa, Ambrose aliinamia viatu vyake. Na jicho la yule mama, lililokaza kumtazama siku ile, lilimfuata mpaka mezani. Alijua vizuri kwamba macho yale hayasubiri kioo cha pembeni. Alijua, na bado hakwenda.

Alipokwenda ilikuwa Jumapili mchana. Mukabalisa alikuwa ameketi mlangoni, cherehani imefunikwa kitenge. Pikipiki ilifika ikasimama mbele yake, inanong'ona, yeye akageuza uso upande mwingine akauliza, "Nani?"

Ambrose akazima injini.

Alijitaja. Mama akafurahi, akainuka akipapasa ukuta. Mkono wake ukapita juu ya tangi laini, ukafika kwenye siti mpya, ukarudi nyuma.

"Nzuri," alisema. "Umenunua nyingine."

"Ni ile ile, mama."

"Siti ya Ngabo niliishona mimi, mishono miwili kila upande. Na mlio wake naujua hata usingizini. Kama uliiuza, sema tu, mwanangu. Sitakulaani."

Akaingia ndani, akapapasa chupa ya chai, akammiminia. Ambrose akaiweka chini. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, naye Ambrose alichutama: akaeleza habari ya siti, akaeleza ekzosi. Ya rangi ulimi ulimshinda.

"Iliwaka lini mara ya kwanza?" mama aliuliza.

"Kabla ya masika."

"Masika nilikuwa bado naona," alisema, bila kupandisha sauti, akamsogezea sukari.

Ambrose angetukanwa angeshukuru. Siku iliyofuata aliaga mapema kazini, akashuka kwa Ilyasi kuuliza ekzosi ya zamani ilikwenda wapi. Ilyasi akaonyesha dirisha la gereji. Ekzosi ilikuwa imeshikilia dirisha lisijifunge.

"Chuma haitupwagi, boss."

Wakaifunga. Ambrose hakuiwasha pale. Aliisukuma kwa mikono kuupanda ule mlima, anahema, watu wakimcheka kwamba pikipiki imeishiwa mafuta. Alitaka mlio wa kwanza usikike getini. Alipofika alivuta pumzi, akapiga kiki. Ikakohoa mara mbili. Kisha ukaja ule mngurumo mzito, na mluzi wake kwa ndani.

Sauti ikatoka ndani ya nyumba, upesi, bila kufikiri:

"Zima, mwanangu. Umeshafika."

Ambrose aliizima. Alikuwa analia, na hakujifuta kwa kuwa hakuna aliyemwona. Mukabalisa alitoka akipapasa, naye uso umelowa, anacheka. Akaweka viganja viwili juu ya tangi na kuviacha hapo.

"Ndama wangu," alisema. Kisha akauliza, "Na tangi? Bado jekundu? Alilipaka mwenyewe, akanimwagia rangi kibaraza chote."

Ambrose alilitazama lile tangi jeusi. Uso wake mwenyewe ulikuwa unang'aa ndani yake, katikati ya viganja vya mama.

"Bado jekundu, mama."

"Vizuri. Basi washa tena."

Akawasha tena, wakasikiliza wote wawili mpaka mama aliporidhika.

Aliposhuka kwa Ilyasi hakuvua hata kofia ngumu. Aliomba rangi nyekundu.

"Nyekundu?" Ilyasi akashangaa. "Boss, hii nyeusi iko mpya kabisa."

"Najua," Ambrose alisema. "Na unitafutie brashi."