Chuo kilikuja Kishapu kuhakiki kama tumeishiwa, nikakuta zizi la mzee limejaa ng'ombe

Wakuu, shikamooni mlionizidi, rika langu mambo vipi.

Hiki kisa kimenikuta mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi. Chumvi yote mzee wangu alishaimaliza siku ile.

Nasoma maabara kwenye chuo kimoja cha kati Shinyanga mjini. Kwetu ni Kishapu, ndani ndani huko. Msukuma halisi, kwa hiyo watani wangu anzeni mapema mmalize.

Sasa, ukame ulipotupiga, ng'ombe wa mzee walianguka mmoja baada ya mwingine mpaka tukabaki na mbuzi na kuku. Pamba ikakaukia shambani. Mimi nipo mwaka wa pili, ada sijamaliza, na mtihani wa semista unakuja.

Pale chuoni bila ada huingii kwenye mtihani. Ukikosa mtihani unarudia mwaka. Na kwa hali ya nyumbani, kurudia mwaka maana yake ndiyo kwaheri ya shule.

Nilishaanza kufunga begi niende machimboni Masumbwe, nina binamu yangu huko anavuta kamba kwenye duara. Anavuta mawe kutoka shimoni kutwa nzima, dhahabu anaisikia tu kwa watu.

Kabla sijaondoka nikaenda kumuaga Madam, mshauri wetu wa wanafunzi. Akaniangalia, akasema, "Unaaga unaenda wapi? Mfuko wa dharura wa chuo umeusikia?"

Jamani, sikuwahi kuusikia! Upo kwa ajili ya mwanafunzi aliyepatwa na janga katikati ya masomo. Sharti moja tu: wanakuja kwenu kuona hali kwa macho, kwa sababu wajanja ni wengi.

Nikampigia mzee.

"Baba, shikamoo. Kuna wageni watakuja kutoka chuoni kuangalia hali ya nyumbani, wakiridhika watanilipia ada."

"Marahaba, ng'wana wane. Wageni wakubwa?"

"Ndiyo baba, wakubwa."

"Waje. Hawataondoka na aibu hapa."

Mimi nikafurahi. Sikujua mwenzangu kichwani kimebaki kitu kimoja tu, wageni wakubwa. Kwa mliokulia mjini niwaambie: kwa mzee wa Kisukuma, mgeni wa heshima kukuta zizi tupu ni afadhali akukute hujavaa shati.

Siku ikafika. Nipo kwenye gari na Madam pamoja na mhasibu wa chuo, kaka mmoja mkavu, hacheki hata umtekenye. Njiani tairi likatusumbua, badala ya kufika asubuhi tukafika jua linaelekea kuzama.

Tunakata kona ya nyumbani, eh! Nilidhani tumekosea mji.

Zizi limejaa. Majike, mitamba, na dume moja jeusi lenye nundu kama mtungi. Mzee amevaa koti lake la kanisani, amesimama getini na fimbo. Mama anatoka jikoni, kuku anachemka, na anakwepa macho yangu.

Mhasibu akaniinamia sikioni. "Dogo, unatuchezea?"

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Nikisema ng'ombe si wetu, nimemuumbua baba yangu mbele ya wageni. Nikinyamaza, ada imekwenda na mtihani umekwenda. Nikanyamaza, na jasho likaongea lenyewe.

Mzee ndiyo kwanza anaongeza moto. "Karibuni sana! Hii ndiyo hali yetu. Tunamshukuru Mungu." Madam akamjibu kwa heshima, lakini nikamwona anatazama yale majike yanavyolia. Yalikuwa yanalia kweli kweli, maana ndama wao waliachwa makwao.

Mhasibu akasema, "Baba, mbona unajiweza? Uza mmoja tu mnadani, kijana anamaliza."

Hapo mzee akavimba kabisa. "Ngoja muwaone vizuri," akasema, akavuta zile nguzo za mlango wa zizi.

Yesu na Maria! Ng'ombe jioni anajua kwao. Wale wanyama walitoka bila kumsubiri mtu, wakagawana njia tatu. Wengine wakashika ya mtoni, wengine ya shuleni, waliobaki wakakatiza katikati ya mihogo ya mama. Mzee anapiga mluzi, anaita majina, hakuna aliyegeuka. Majina yenyewe alikuwa anabahatisha.

Vumbi halijatulia, anatokea jirani yetu Mzee Nkwabi, fimbo begani, anaongea kwa sauti toka mbali:

"Wageni wako washaondoka? Wangu wamefika, lakini dume langu jeusi silioni!"

Madam alicheka mpaka akakaa chini kwenye kinu. Yule mhasibu mkavu akageuka ukutani, mabega yanatikisika. Mama naye akashindwa kujizuia, akajifunika uso na khanga.

Mzee peke yake hakucheka. Akavua kofia.

"Mama," akamwambia Madam, "mimi ng'ombe sina. Walikufa. Hawa nimeazima ili msimdharau mtoto wangu huko chuoni, mkasema ametoka kwa watu ovyo."

Nililia, sitaficha. Nilikuwa nimemkasirikia tangu tunashuka kwenye gari, kumbe muda wote alikuwa ananilinda mimi.

Madam akanyanyuka, akampigia magoti baba yangu, pale pale kwenye vumbi. "Baba, na mimi kwetu ni wafugaji. Mgeni akija, mama yangu anaazima hata masufuria. Hakuna atakayemdharau kijana wako." Kisha akamgeukia mhasibu: "Umeona hali?"

"Nimeona, Madam."

Tukala kuku. Msaada ukatoka, mtihani nikafanya, nikafaulu. Sasa hivi niko kwenye mazoezi ya kazi hospitalini, nasoma vipimo vya malaria.

Matokeo yalipotoka nilimpigia mzee. Akasema, "Mwambie yule mama wabeja sana, nashukuru. Aje tena, asisubiri nijiandae. Atakuta michembe yetu ya viazi vikavu na zizi tupu, na nitakaa naye mlangoni tuongee."

Kwa alivyo baba yangu, hayo maneno ni makubwa kuliko cheti changu.

Mdogo wangu uliyeko chuo cha kati na umekwama, kabla hujafunga begi nenda kagonge ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Uliza. Na wageni wakija kuhakiki, keti na wazazi mapema uwaambie kwamba safari hii heshima ni kuonyesha palipopungua.

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine mzazi wake nusura amharibie kwa mapenzi? Na watani, nawaona mnaandika tayari.