Choo Kilichoshika Sabato

Joyline alikuwa mwanika omena, dagaa wa ziwani, huko Muhuru Bay, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumrudisha mvuvi aliyekwisha kufika katikati ya ziwa. Maisha yake yalikuwa kipande cha mchanga: kutandaza nyavu kuukuu, kumwaga omena, kuigeuza, kuwafukuza kuku na kubishana na wachuuzi. Aliyemwonea huruma alijuta.

Baada ya mvua za Elnino kipindupindu kilizuka, na wachuuzi wa Migori wakaanza kunusa omena kabla ya kuuliza bei. Ufuo haukuwa na choo. Wavuvi walijisaidia nyuma ya vichaka, na waliobanwa zaidi hawakufika vichakani.

Hapo ndipo Japheth Angwenyi alipopata wito. Alikuwa Mkisii mwenye duka la mabati na misumari, mtu aliyependa kuitwa jatelo, yaani kiongozi, ingawa hakuna aliyejua alimwongoza nani. Alijenga choo cha kulipia chenye milango miwili, akakipaka rangi ya samawati, akaita watu. "Biashara yangu itawaokoa, na mimi nitapata riziki," alisema. Hotuba ilikuwa ndefu kuliko shimo lenyewe.

Hata hivyo choo kilifanya kazi. Watu walilipa, ufuo ukasafika, wachuuzi wakarudi. Kama Angwenyi angekuwa na akili ya kutosha kuacha jambo jema liendelee, angekuwa tajiri mwenye heshima. Lakini kila Ijumaa jua likizama alikitia kufuli, akakifungua Jumamosi jua likizama. Choo nacho kilikuwa Msabato.

Jumamosi ndiyo siku wachuuzi walipokuja kuchukua mzigo wa soko la Jumapili, na mitumbwi ilijaa ufuoni. Jumamosi moja Gisiri, mnunuzi mkubwa wa Joyline, alikanyaga kitu kando ya nyavu zake. Akafuta kiatu kwenye nyasi, akapanda gari, akaondoka mikono mitupu.

Joyline alimfuata Angwenyi dukani siku iliyofuata.

"Mzee, tuachie ufunguo Jumamosi. Nitasimama mlangoni mwenyewe."

"Dada, siku hiyo sinunui, siuzi."

"Basi watu waingie bure."

"Bure? Wakizoea bure, Jumapili nani atalipa?"

"Kwa hiyo unayemlinda si Mungu, ni Jumapili."

Mokeira, mwanika omena mwenzake na Msabato wa kuzaliwa, aliyekuwa akinunua misumari, alitikisa kichwa. "Jatelo, Yesu aliponya wagonjwa siku ya Sabato. Wewe unawafungia mlango."

Angwenyi alijibu kwa namna aliyoiweza, yaani kwa maonyesho. Sabato iliyofuata alisimama kanisani mbele ya watu wote, akamkabidhi Mzee Ratemo, mzee wa kanisa, ufunguo autunze kila Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi, ili shetani asimjaribu. Baadhi waliitikia amina. Mokeira alikohoa.

Joyline hakungoja shetani. Alikodi kona ya shamba mlimani, mbali na maji, akawalipa vijana wachimbe shimo, akasimamisha kuta za matete. Hakufanya hivyo kwa huruma. Alitaka Gisiri arudi, na alitaka faida juu yake. Asiye na sarafu alilipa konzi ya omena kutoka mtumbwini, na Joyline akaianika kando ya kuwauzia wafugaji wa kuku. Alifungua siku zote. Gisiri alirudi, akiangalia anapokanyaga.

Kisha yakaja makambi ya Wasabato kule Suna. Mzee Ratemo alikwenda tangu Ijumaa, na ufunguo mfukoni. Angwenyi alibaki, na mchana wa Sabato, baada ya maharage ya kanisani, alionekana akipanda kilima kwa hatua fupi fupi, suti ya kahawia imelowa jasho.

"Nifungulie, dada."

"Konzi moja, mzee. Au sarafu."

"Leo sinunui kitu, wajua."

"Basi nenda kwako. Kuna milango miwili."

"Ufunguo uko Suna!"

Wanawake wa ufuoni walikuwa wameacha omena na kumfuata. Mmoja akauliza kwa sauti, "Jatelo, unatuongoza wapi leo?"

"Nikopeshe tu," Angwenyi alinong'ona, magoti yamebanana.

"Kukopa si biashara?"

Elimu yote ya dini ya Angwenyi ilikuwa imeshuka tumboni.

"Ingia bure," Joyline alisema. "Lakini kwanza uwaambie hawa, choo ni cha siku ngapi?"

"Saba!" alipiga kelele, akampita mbio. "Siku saba!"

Jumamosi iliyofuata mlango wa samawati ulikuwa wazi, Mkatoliki wa kuajiriwa amekaa kizingitini. Siku moja kabla, Angwenyi alikuwa ametoa hotuba nyingine, juu ya mfanyabiashara anayesikia kilio cha watu. Joyline hakuhudhuria. Kwake kulikuwa na foleni, na wavuvi walikuwa wamekwisha kuzoea kilima.