Kabati Linalopumua

Hapa Kamo, mji wetu wa Japani, ukimtaka Fumie usimtafute jikoni. Mpishi ni mumewe, Yasuhiko. Fumie mwenyewe yuko karakana, randa mkononi, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Anachukua makabati ya kiri, mti wetu wa mbao nyepesi, yale ambayo mabibi harusi wa zamani walihamia nayo kwa waume zao, anayakata na kuyaunda upya yaenee nyumba za siku hizi: benchi la mlangoni, meza ya televisheni. Mimi, Setsu, ni jirani yake, na domo langu linajulikana mtaa mzima.

Mwaka huu likaja kabati la mama mkwe wake, Kikuno. Bibi huyo alikuwa akiishi peke yake, akaanguka bafuni, Fumie akamsihi ahamie kwao. Kikuno akakubali, ila na kabati lake, nalo lilikuwa refu mno kwa chumba kile.

"Haya, likate uweke hiyo televisheni yenu," akasema. "Lakini likiacha kupumua, nakwenda zangu kwa binti yangu kule mjini Nagoya."

Kupumua ni hivi: droo za kiri zikiundwa sawasawa hubana kiasi kwamba ukisukuma moja ndani, hewa huitoa nyingine nje. Kwenye kabati refu, sawa. Lakini kabati fupi, droo zimekaa ubavu kwa ubavu?

"Hapo umejitia kitanzi, bibie," nilimwambia Fumie. Akacheka, lakini niliona hata kula hali vizuri. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo. Alimtaka huyu mkwe awe mama, pamoja na ukali wake wote.

Siku ya kuliingiza ndani, mbao zilikuwa zimepigwa randa hadi zikawa nyeupe kama wali. Kikuno akatufukuza.

"Tokeni nipange kimono zangu. Hata wewe, Setsu, macho yako nayajua."

Jioni akatuita. Akagusa droo ya kushoto iliyokuwa wazi, akaisukuma taratibu kwa kidole kimoja. Ya kulia haikusogea.

"Halipumui," akasema, akitazama dirishani.

Fumie akainamisha kichwa, machozi yakamdondoka mbele yetu sote. Mimi uvumilivu ukanishinda.

"We Kikuno, unafunga droo au unabembeleza mtoto?"

"Setsu, usiguse!"

Nikaivuta ile ya kushoto, nikaipiga kwa kiganja ikajifunga. Ya kulia ikateleza nje yenyewe. Ndani, juu ya kimono ya hariri, pakiti nzima ya mochi, zile keki laini za mchele zenye maharage matamu ndani. Na daktari alishamkataza sukari!

"Mama!" Yasuhiko akashika mbavu kwa kicheko. "Kumbe ulijua linapumua?"

"Tangu mchana," akanung'unika. "Nikifunga huku, mochi zinatoka kule. Nyumba gani hii, mtu hawezi kuficha hata kitu?"

"Kwa hiyo ungehamia Nagoya kwa ajili ya mochi?" nikamuuliza.

"Nani ahame? Ningenuna siku mbili tatu, basi."

Fumie alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Akazichukua mochi zote, akageuka kwenda jikoni.

Tangu Fumie aolewe, Kikuno hakuwahi kumwita jina lingine ila "mke wa Yasuhiko". Sasa akanyoosha mkono.

"Niachie moja basi, mwanangu."

Fumie akasimama pale pale mlangoni. Halafu akarudi, akamkatia nusu.