Saini Tatu za Nyumba Moja

Dereva wa moto, pikipiki ya abiria, aliyenishusha mpakani Petite Barrière juma lililopita ndiye aliyeniambia kuwa yule mama wa Kanama, muuza viazi, amefariki. Aliisema kama habari ya kawaida huku akipokea kutoka kwangu kofia yake ngumu, nami nikabaki nimesimama katikati ya wachukuzi na mizigo yao. Wasomaji wangu, hatukuwa ndugu. Rafiki yetu mmoja, naye sasa marehemu, alituachia sisi watatu, mimi, mama huyo na mzee mmoja wa Goma, ng'ambo ya mpaka, udhamini wa nyumba yake hapa Gisenyi kwa ajili ya binti zake wawili. Sharti lake lilikuwa moja: lolote kuhusu nyumba hiyo tuliamue tukiwa tumeketi pamoja.

Tuliketi mara mbili tu. Mara mpaka umefungwa, mara mama ana viazi sokoni, nami nikajiona mwerevu: wenzangu wasaini karatasi tupu, nikae nazo. Mama alisita. "Hii karatasi haiko na kitu. Mi nasaini nini?" Nikamwomba aniamini, akaniamini. Karatasi mojawapo niliijaza peke yangu, nikampangisha mwenye hoteli nyumba nzima kwa miaka mitatu. Mabinti waliporudi likizo kutoka shule ya bweni, walikuta wageni wakinywa chai kwenye baraza ya baba yao.

Ukoo wa mabinti ulipotuita tujieleze, nilingoja mama aseme nimemdanganya. Wala nisingebisha. Yeye akasema, "Bon, saini yangu iko hapo. Kosa iko yetu sisi watatu." Akawachukua mabinti kwake Kanama hadi mkataba ulipokwisha. Tangu hapo kila shauri lilimshusha kwa minibasi, akaketi kiti cha dirishani sebuleni kwangu, akataka nimsomee mstari kwa mstari. Nilimwona msumbufu, Mungu anisamehe. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini siku hizi tunapenda vidole vya watu watatu vishikwe na mmoja, kisha lawama ikija kila mtu anaficha chake.

Mzee wa Goma alitangulia mwaka jana. Jana binti mkubwa aliniletea karatasi, wanataka kuuza sehemu ya kiwanja. Niliisoma kwa sauti hadi mwisho, nikikitazama kiti cha dirishani, na hakuna aliyeniuliza neno. Upweke huo sikuutarajia. Nikarudisha kalamu mfukoni, nikamwambia atafute kwanza wadhamini wengine wawili, na wasiwe watu wa kuniamini upesi.